Dawa Isiyoandikiwa Watoto na Amana ya Mtoto Mahututi

Miongoni mwa maswali wanayouliza watu wanaoichunguza dini ya Islam, yapo yasiyohusu Sala wala Saumu, bali yanahusu kitanda cha hospitali. Mojawapo ni hili: Mtoto amezidiwa, yu mahututi. Dawa iliyoandikiwa watoto wa umri wake haipo, au imetumika na haikufaa. Iko dawa nyingine, lakini karatasi yake ya maelezo yasema ni ya watu wazima, au ni ya ugonjwa mwingine, au imenyamaza kabisa juu ya watoto. Je, ni halali kwa daktari kumpa mtoto huyo dawa hiyo? Je, mzazi akubali au akatae? Na mtoto akifariki baada ya kupewa, lawama mbele ya Mwenyezi Mungu ni ya nani?

Kwetu sisi watu wa Pwani hili si swali la kupitisha wakati barazani. Anayeijua delta ya Rufiji ataelewa. Mto ule mkubwa, ukikaribia bahari, hugawanyika katika midomo mingi, na baina ya midomo hiyo umo msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki. Ndani ya mikoko vimo vijiji na mashamba ya mpunga: Salale, Kiongoroni, Msala, Maparoni. Huko barabara ni maji, na saa ni kupwa na kujaa kwa bahari. Tuchukue mfano wa mama mwenye mtoto mchanga aliyeshikwa na homa usiku, wakati maji yamekupwa na mashua imekaa juu ya matope. Hata awe na nauli, hata awe na mume mwenye nguvu za kupiga kasia, hana la kufanya ila kungoja maji yajae, ndipo aelekee Nyamisati, na kutoka hapo ashike njia ya Kibiti. Anapofika hospitalini, mtoto aliyeondoka nyumbani akilia sasa halii tena.

Daktari anayempokea mtoto kama huyo hana siku ya kungoja, pengine hana hata saa. Anafungua kabati, anaona dawa zilizomo, na nyingi katika hizo hazikupata kupimwa kwa watoto wenye uzito wa mtoto huyu. Afanye nini?

Maana ya kibali

Kwanza yafaa tufahamu kibali cha dawa ni kitu gani. Mtengenezaji anapotaka kuuza dawa katika nchi, humpelekea mwenye mamlaka ushahidi wake. Hapa Tanzania mwenye mamlaka hayo ni TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyochukua jina hilo mwaka 2019. Kabla yake kazi hiyo ilifanywa na TFDA iliyoanza mwaka 2003. Mamlaka ikiridhika, hutoa kibali kinachosema dawa hii ni ya ugonjwa huu, kwa watu wa umri huu, kwa kipimo hiki, na kwa njia hii, kama ni kumeza au ni sindano. Daktari akiitumia kwa namna nyingine, ameitumia nje ya kibali chake.

Wengi wakisikia maneno "nje ya kibali" hudhani maana yake ni marufuku, au ni sumu. La, sivyo. Kibali ni jibu la swali lililoulizwa. Pale kibali kinaponyamaza, maana yake ni kwamba swali halijaulizwa, au limeulizwa na bado halijajibiwa. Kunyamaza si kuruhusu, na pia si kukataza. Ni giza, na katika giza mtu mwenye akili hakimbii, wala hakai palepale milele, hutafuta taa.

Mayatima wa tiba

Kwa nini basi maswali mengi kuhusu watoto hayakuulizwa? Sababu moja ni msiba. Katika miaka ya mwisho ya 1950 iliuzwa katika nchi nyingi dawa ya usingizi na kichefuchefu iitwayo thalidomaidi. Wanawake wajawazito waliitumia, na maelfu ya watoto wakazaliwa na mikono au miguu mifupi, au bila viungo hivyo kabisa. Mwishoni mwa mwaka 1961 dawa hiyo ikaanza kuondolewa madukani, na mwaka 1962 Marekani ikakaza sheria yake ili kila dawa ithibitishwe kabla ya kuuzwa.

Sheria hiyo ilikuwa njema, lakini watengenezaji wengi waliona ni salama zaidi kwao wasiwaguse watoto kabisa. Walizipima dawa kwa watu wazima, wakaandika hivyo, wakaishia hapo. Magonjwa hayakungoja. Watoto waliendelea kuugua, na madaktari hawakuwa na jingine ila kuwapa dawa za wakubwa kwa kukadiria. Kwa hiyo lile tendo la kumlinda mtoto asijaribiwe lilimfanya ajaribiwe kila siku, katika kila hospitali, bila hesabu na bila kumbukumbu. Daktari mmoja wa Marekani, Harry Shirkey, katika miaka ile ya 1960 aliwaita watoto mayatima wa tiba.

Muislamu akisikia neno yatima hawezi kupita tu. Mtume wetu Mtukufu Muhammad s.a.w. mwenyewe alikuwa yatima. Na Kurani Tukufu, katika Sura Bani Israil (17:35, kwa hesabu inayoihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza), inatuamuru tusiikaribie mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora kabisa, mpaka afikilie utu uzima wake. Angalia vema hekima ya amri hii. Haikusema tusiikaribie kamwe, kwani mali isiyoangaliwa huharibika. Wala haikutuacha tuiguse tupendavyo. Imesema tuikaribie, lakini kwa njia iliyo bora. Ikiwa hiyo ndiyo sheria ya mbuzi na mashamba ya yatima, basi mwili wake na pumzi yake vina haki zaidi. Aya hii ndiyo tutakayoishika kama kamba katika makala haya yote.

Huruma bila elimu

Wako wanaosema: Mtoto anakufa, mpe chochote, maana hakuna cha kupoteza. Usemi huu una huruma, lakini hauna elimu, na huruma bila elimu imeua wengi.

Imesimuliwa katika Hadithi za Abu Daud kwamba masahaba fulani walikuwa safarini, na mmoja wao akajeruhiwa kichwani kwa jiwe. Usiku akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa yoyote kwake maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume s.a.w. alikasirika sana, akasema kwamba wamemuua, na akafundisha kuwa tiba ya ujinga ni kuuliza. Ndugu msomaji, watu wale hawakuwa wabaya. Walikusudia kheri, na walidhani wanafuata sheria. Lakini walitoa hukumu juu ya mwili wa mgonjwa bila ya kuwa na elimu, wala hawakuuliza. Mtume s.a.w. hakuwaondolea lawama kwa sababu ya nia yao njema.

Tazama sasa yaliyotokea katika zama zetu. Katika miaka ya 1950 dawa ya kloramfenikoli ilitumiwa kwa watoto njiti ili kuwakinga na maambukizo, kwa kipimo kilichokadiriwa tu. Mwaka 1959 madaktari wa Los Angeles walitangaza kwamba walipowalinganisha watoto waliopewa na wasiopewa, waliopewa walikufa zaidi. Miili yao iligeuka rangi ya kijivu, ikapoa, nao wakafa. Ini la mtoto njiti lilikuwa halijapata nguvu ya kuivunja dawa ile, ikajikusanya mwilini. Dawa hiyohiyo, ilipojulikana kipimo chake, iliwaokoa watoto wengi wenye homa ya uti wa mgongo hapa kwetu Afrika kwa miaka mingi. Uovu haukuwa katika dawa, bali katika kutojua.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Kwa muda mrefu mtoto aliyefika hospitali akiwa na homa kali, mikono baridi na mapigo dhaifu ya moyo, vitabu vilifundisha atiliwe maji mengi kwa haraka katika mshipa. Mafunzo hayo yalitoka nchi tajiri, zenye mashine za kumsaidia mtoto kupumua. Hayakuwa yamepimwa kwa watoto wa Afrika, wengi wao wakiwa na malaria na upungufu wa damu. Ndipo watafiti wakauliza. Watoto 3,141 katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, ikiwamo Hospitali Teule ya Muheza, waliingizwa katika utafiti ulioitwa FEAST, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Katika muda wa saa 48, miongoni mwa waliotiliwa maji kwa haraka walifariki kiasi cha 10 na nusu katika kila 100. Miongoni mwa ambao hawakutiliwa hivyo walifariki 7 tu. Madaktari wenyewe walistaajabu. Kitu walichokiamini kuwa ni uhai kilikuwa kinaongeza mauti, na pasingekuwapo mtu wa kuuliza, kingeendelea hata leo kwa nia njema kabisa.

Njia hii ya kulinganisha si ngeni katika Islam. Tabibu mashuhuri Abu Bakr al-Razi, aliyefariki yapata mwaka 925, aliyeandika pia juu ya magonjwa ya watoto, ameeleza jinsi alivyowatoa damu wagonjwa wa kundi moja na kuwaacha kwa makusudi wa kundi jingine, ili aone ukweli. Kuuliza ni urithi wetu.

Hofu isiyo na elimu

Wako na wengine wanaosema kinyume: Watoto wetu si panya wa majaribio; dawa isiyoandikiwa watoto isiwaguse kabisa. Hawa nao wana huruma, lakini yafaa waangalie mwisho wa maneno yao.

Mara nyingi watu hudhani hatari ni moja tu, kuzidisha. Lakini mtoto huweza pia kufa kwa kupunguziwa. Sindano ya artesuneti ni mfano mwema. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Waliotibiwa kwa kwinini walifariki 10.9 katika kila 100, na waliotibiwa kwa artesuneti walifariki 8.5. Hivyo artesuneti ikachukua nafasi ya kwinini. Kisha watafiti wakapima damu ya watoto wa Muheza waliochomwa sindano hiyo, wakakuta kwamba watoto wadogo, kwa kipimo kilekile cha kila kilo, walipata dawa pungufu kuliko wakubwa. Kwa sababu hiyo, mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliagiza kwamba mtoto aliye chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo, na si 2.4 kama mtu mzima. Nani angeliweza kubahatisha kuwa mdogo anahitaji zaidi? Watoto wale wa Muheza, kwa matone machache ya damu yao, wamewafaa watoto wa Rufiji na wa dunia nzima.

Tena chukua dawa mseto ya ALu, inayojulikana katika kila zahanati. Kwa miaka mingi ilikuwa imeidhinishwa kwa mtoto wa kilo 5 na kuendelea. Mtoto wa kilo 4 mwenye malaria alikuwa hana dawa yake, bali alipewa kipimo cha mkubwa wake, na wauguzi wakaomba Mungu. Mwezi Julai mwaka 2025 mamlaka ya Uswisi iliidhinisha dawa ya namna hiyo iliyotengenezwa kwa watoto wa kuanzia kilo 2 hadi chini ya kilo 5, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizoshiriki katika kuichunguza. Je, kama wote wangelisema watoto wachanga wasiguswe, jibu hilo lingelipatikana? La hasha. Kukataa kuuliza hakumwondoi mtoto hatarini; humwacha hatarini bila shahidi.

Sharti tano

Sasa tuje kwenye hukumu. Kurani Tukufu, inapomruhusu mwenye dharura kula kilichoharamishwa, imeweka mipaka miwili: asiwe mwenye kutamani, wala asivuke kiasi (2:174). Nayo inatukataza tusifuate tusiyo na elimu nayo, kwani sikio na jicho na moyo, vyote vitaulizwa (17:37). Tukiziweka aya hizi pamoja na ile ya mali ya yatima, twaona kwamba daktari ana ruhusa ya kutoka nje ya kibali, lakini kwa sharti hizi:

Kwanza, awe na elimu. Karatasi ya dawa inaweza kunyamaza huku utafiti mwema na miongozo ya wataalamu vikisema. Hapo daktari amevuka karatasi lakini hakuvuka elimu. Mtume s.a.w. amefundisha kwamba anayejitia katika uganga bila kujulikana kuwa na elimu yake, dhamana ya madhara ni juu yake. Basi asiyejua na amuulize anayejua, hata kwa simu, hata usiku wa manane. Si aibu kwa daktari wa wilaya kumuuliza bingwa; aibu ni kubahatisha kwa sababu ya kuona haya.

Pili, iwe dharura ya kweli, bila tamaa. Ikiwapo dawa iliyoandikiwa watoto nayo yatosha, aiache ile nyingine. Asiitumie kwa kuwa mwuzaji ameisifu, wala kwa kutaka jina, wala kwa udadisi wake.

Tatu, asivuke kiasi. Mtoto apimwe uzito, wala asikadiriwe kwa macho. Kipimo kihesabiwe na watu wawili. Mtoto aangaliwe baada ya dawa, na madhara yakionekana dawa isimamishwe.

Nne, mzazi aambiwe ukweli. Juu ya jambo hili nitasema zaidi hapa chini.

Tano, yaliyotokea yaandikwe, yakiwa mema au mabaya. Sharti hili husahauliwa, na kumbe ndilo linalomtoa mtoto anayefuata katika giza. Wenyeji wa Kibiti, Bungu, Mchukwi na Ikwiriri wanakumbuka jinsi kuanzia mwaka 1998 walivyotembelewa nyumba kwa nyumba, mara tatu kwa mwaka, na watu walioandika kila aliyezaliwa na kila aliyefariki. Huenda baadhi yao waliuliza faida yake ni nini. Faida ni kwamba msiba usioandikwa hauna funzo. Daktari aliyempa mtoto dawa nje ya kibali kisha asiandike, amechukua kitu kwa yatima mmoja na hakuwarudishia mayatima wengine chochote.

Daktari akizitimiza sharti hizi, na mtoto akafariki, hana hatia. Tumefundishwa kwamba hakimu aliyejitahidi kwa haki akakosea ana thawabu moja, na aliyepatia ana mbili. Bali aliyezipuuza, hata mtoto akipona, amecheza na amana, na kupona kwa mtoto hakumsafishi.

Haki ya mzazi kuambiwa

Huenda daktari akasema: Nikimwambia mama huyu kwamba dawa hii haikuandikiwa watoto, atamchukua mtoto wake na kukimbia. Hofu hii ina msingi, nasi tusiidharau. Wazee wengi wa Pwani waliamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Imani hiyo ilizaliwa na msiba ulioonekana kwa macho: mtoto alitibiwa kwanza nyumbani, akacheleweshwa, akafikishwa hospitali saa ya mwisho, akachomwa sindano, akafa. Watu waliona sindano na mauti vikifuatana, na hakuna aliyewaeleza. Basi kuficha hakuiondoi hofu, ndiko kulikoilisha.

Ukweli waweza kusemwa kwa maneno machache ambayo kila mama atayaelewa: "Mama, mtoto wako hali yake ni mbaya. Dawa tuliyozoea haikumfaa. Iko nyingine. Haijaandikiwa watoto wa umri wake, lakini waganga wenzetu wameitumia na wameandika kuwa inasaidia. Yaweza kuteremsha mapigo ya moyo, nasi tutakaa naye usiku kucha tukimtazama. Sisi twaona ni bora kumpa. Una swali gani?" Mama wengi watajibu, "Daktari, ninyi ndio mnaojua." Jibu hili daktari asilichukue kama ruhusa ya kufanya apendavyo. Hiyo ni amana nzito zaidi, kwani aliyekuachia kila kitu amekuachia pia kazi ya kumhofia Mungu kwa niaba yake. Kurani Tukufu imetuamuru kuzifikisha amana kwa wenyewe (4:59).

Na ikiwa mzazi anakataa? Hapa yapasa kupambanua. Mtoto si mali ya mzazi wake. Ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwake. Kwa hiyo mzazi hana haki ya kumnyima mtoto dawa ambayo faida yake imethibitika na ambayo bila yake atakufa. Kumnyima hivyo ni kuiacha nafsi ipotee, na Kurani yasema kwamba aliyeokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote (5:33). Lakini jambo likiwa na shaka, wataalamu wenyewe wakiwa hawana yakini, hapo mzazi ana haki ya kusema hapana, na daktari hana haki ya kumtisha wala kumdharau. Ama ikiwa mtoto anakata roho na hakuna hata dakika ya kuzungumza, daktari atende kwa elimu yake, kisha aje kumweleza mzazi yote, bila kungoja aulizwe.

Sheria hiyohiyo inatuhusu sisi wazazi majumbani. Ni wangapi wetu tumekwenda duka la dawa, tukanunua kidonge cha mkubwa, tukakikata kwa kisu nusu au robo, tukamponda mtoto katika kijiko cha uji? Tunawahukumu madaktari kwa kutoka nje ya kibali, na kumbe sisi tunatoka nje ya kibali na nje ya elimu pia. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa, kama tulivyoona kwa artesuneti. Muulize mwenye kujua kabla hujashika kisu.

Dawa na dua

Mwisho, wapo wasemao: Siku ikifika imefika, na isipofika haijafika, basi dawa ya nini, na mabishano haya yote ya nini? Masihi Aliyeahidiwa, Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad a.s., alilijibu jambo hili katika kitabu chake Barakatud-Dua cha mwaka 1893. Alieleza kwamba kheri na shari zimekadiriwa, lakini Mungu ameweka pia njia za kuzipata na kuziepuka, na hakuna mwenye akili anayekanusha kwamba dawa zina athari. Kadhalika dua nayo ina athari kwa amri yake Mola. Khalifa wake wa kwanza, Hadhrat Maulvi Nuruddin r.a., alikuwa tabibu mkubwa, aliyewahi kutumikia katika jumba la Maharaja wa Kashmir. Katika Jumuiya yetu dawa na dua hazijapata kugombana.

Katika Haqiqatul Wahi, kitabu kilichotoka mwaka 1907, kimo kisa cha mwanafunzi wa Qadian aitwaye Abdul Karim aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Kwanza alipelekwa Kasauli, palipokuwa na tiba ya ugonjwa huo. Akatibiwa, akarudi, kisha dalili zikamtokea. Watu wakapiga simu ya maandishi kuuliza la kufanya, na kutoka Kasauli likaja jibu kwamba wanasikitika, hakuna liwezekanalo kwa Abdul Karim. Ndipo Seyidna Ahmad a.s. akamwombea kwa uchungu mwingi, na Mwenyezi Mungu akamponya.

Sisi tumezoea kukisimulia kisa hiki kwa ajili ya muujiza wake, na ni haki. Lakini liko na jambo jingine ndani yake. Mtoto alitangulizwa kwenye tiba, hakufungiwa chumbani aombewe tu. Na madaktari wale walikiri kikomo cha elimu yao. Hawakutuma dawa ya kubahatisha ili waonekane wamefanya jambo. Ukweli wao ndio ulioufanya muujiza ujulikane kuwa ni muujiza. Daktari anayesema "hapa elimu yangu imekoma" hapunguzi imani ya mgonjwa. Anamfungulia mlango wa kumwendea Yule ambaye elimu yake haina kikomo.

Kwa hiyo, ndugu unayeuliza, jibu letu ni hili. Kutoka nje ya karatasi ya dawa si dhambi. Kutoka nje ya elimu na kunyamaza ndiyo dhambi. Mtoto aliyevuka maji ya Rufiji usiku mikononi mwa mama yake anastahili kutoka kwetu kitu kile alichoamriwa mlezi wa yatima: kwamba tusimkaribie ila kwa njia iliyo bora, na tusipoijua njia hiyo, tuulize mpaka tuijue.

Mwenyezi Mungu awape waganga na wauguzi wetu elimu yenye huruma na huruma yenye elimu, awape wazazi subira na kuelewa, na awaponye watoto wote waliolala vitandani usiku huu, wawe wa dini gani na wa kabila gani. Amin.